Gramu za gesi, moli za oksijeni

Marahaba mwanangu Neema,

Mjomba wako kanifikishia karatasi ya jaribio la kemia. Nimeipitia usiku, mgahawa ukishafungwa. Kuzidisha na kugawanya hujakosea popote. Shida ni kwamba ukiona gramu tu, unakimbilia jibu.

Umeandika C3H8 + 5O2, yaani propani, gesi ya mtungini, ikiungua na oksijeni, ukasema gramu 1 ya gesi inataka gramu 5 za oksijeni. Sivyo. Namba hizo za mbele zinahesabu moli, yaani mafungu ya chembe zenye idadi sawa, si uzito. Ni moli 1 kwa moli 5, yaani gramu 44 kwa gramu 160. Geuza gramu ziwe moli kwanza, ndipo uuguse mlinganyo.

Chukua birika letu la chai. Lita 2 za maji ya nyuzi 20. Hapa Moshi, kwa mwinuko huu, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi (kwenye mtihani fuata namba uliyopewa, usibishane nao). Gramu 2,000 × jouli 4.2 (za kupasha gramu 1 ya maji nyuzi 1) × nyuzi 77 za kupanda ni jouli 646,800, sawa na kilojouli 647. Moli 1 ya propani ikiungua hutoa kilojouli 2,220. Gawanya, unapata moli 0.29. Zidisha kwa 44: gramu 13, pungufu kidogo.

Hapo nimejifanya mtungi una propani tupu na joto lote linaingia majini. Jikoni kwangu joto jingi linapotelea pembeni mwa birika, kwa hiyo gesi inayokwenda ni zaidi ya hiyo. Sasa angalia oksijeni: 0.29 × 5 × 32 (gramu za moli 1 ya O2), karibu gramu 46, zote zimetoka kwenye hewa ya chumba. Ukinisikia nawagombeza wasichana kwa kufunga dirisha la jikoni, sababu ndiyo hiyo.

Halafu ile alama ya kutoa kwenye −2,220 umeitupa njiani. Inakuambia mmenyuko umetoa joto. Chokaa ni kinyume: kuivunja CaCO3 (jiwe la chokaa) ipate CaO (chokaa yenyewe) na CO2 (kaboni dioksidi) lazima uipe joto, kilojouli 178 kwa kila moli, alama ya kujumlisha.

Swali hilo la chokaa lirudie lote, gramu 25 za CaCO3: joto kiasi gani, na gramu ngapi za CO2? Andika vizio kila mstari. Jumapili ya kutembelea nitakuja na sabuni na daftari ulizoagiza, na karatasi hiyo nitaikagua kabla hujafungua mfuko.

Mama yako,
Moshi