Mke asomewe rehani kwa lugha anayoielewa

Ndugu Mhariri,

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Sofia, mjini Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni karatasi za watu: mapatano ya kuuziana ploti, barua za kupeleka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), fomu za benki. Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu hizo fomu za benki, hasa zile anazosainishwa mke pale mume anapoweka nyumba rehani, au anapoongeza mkopo juu ya nyumba ambayo tayari iko rehani.

Juzi juzi aliingia mama mmoja jirani yangu, muuza samaki, na bahasha nene mkononi. Mume wake alimngoja nje juu ya boda, injini inanguruma. Alitaka fotokopi tu. Mtu wa benki alikuwa amebandika vikaratasi vya njano kila mahali pa kuweka sahihi, ili mama asihangaike kutafuta. Akaufungua ukurasa mmoja akaniuliza, "Dada, hapa wanasema nini?" Ukurasa ule ulisema, kwa Kiingereza, kwamba yeye mke wa mkopaji amepata ushauri wa mtu huru, ameyaelewa masharti yote na ameyakubali. Mama yule hakuwa ameshauriwa na mtu yeyote. Hata kiasi hakukijua. Aliambiwa wanaongeza kidogo wamalizie vyumba viwili vya kupangisha. Mkopo wa kwanza ulikuwa shilingi milioni 12. Karatasi aliyoishika ilisema milioni 40.

Mume wake simlaumu, na sidhani alitaka kumdanganya. Nilipomwita ndani nikawasomea wote wawili, naye alishangaa kusikia kwamba rehani ile inabeba pia deni lolote jingine atakalolichukua katika benki hiyo hiyo baadaye. Walirudi nyumbani bila kusaini, wakazungumze kwanza.

Ninachotaka wasomaji wajue ni kwamba sheria iko upande wa mama huyu, tena iko wazi. Sheria ya Rehani ya 2009 inasema rehani ya nyumba wanamoishi mume na mke haina nguvu bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa yenyewe lazima iwe ya kweli na ya kuelewa. Benki inatakiwa imweleze mwenzi kwa maandishi masharti ya mkopo, mbele ya mtu huru, na mwenzi asaini mbele ya shahidi kwamba amepata ushauri wake mwenyewe, au kwamba ameamua kwa hiari yake kuuacha. Bunge halikuyaandika hayo yote ili karani abandike kikaratasi cha njano na kusema, "Mama, weka hapa."

Tena msifikiri kwamba sahihi ya mkopo wa kwanza inatosha kwa wa pili. Kiasi kikibadilika, muda ukibadilika, nyumba ile ile sasa inabeba mzigo mwingine. Mke adai karatasi mpya na maelezo mapya, na asione haya kuuliza: tukishindwa kulipa, itakuwaje?

Itakuwa hivi. Benki hutoa notisi ya maandishi kwamba mmeshindwa kulipa, na mnapewa siku 45 za kazi mrekebishe. Zikipita, hutoa notisi nyingine ya kuuza, na haiwezi kuuza kabla ya siku 21 za kazi kwisha. Siku hizo zinaonekana nyingi, lakini nimeona notisi zinakaa juu ya kabati miezi miwili kwa sababu aliyeipokea ni mtoto, na waliobaki nyumbani hawakujua barua inasema nini. Mkikimbilia mahakamani kusimamisha mnada, mahakama inaweza kuwataka muweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka, au ya deni lililobaki. Muuza samaki ataitoa wapi? Ndiyo maana nasema swali liulizwe siku ya kusaini, wakati kalamu bado iko mkononi mwako.

Kuna sheria nyingine ya zamani ambayo sisi wenye maduka ya kuchapa tungepaswa kuijua kuliko mtu yeyote, ile ya kuwalinda wasiojua kusoma. Anayemwandikia mtu wa namna hiyo karatasi anatakiwa aandike chini yake jina lake kamili na anwani yake, na hilo linabeba maana kwamba ameandika kama alivyoagizwa na kwamba karatasi imesomwa na kufafanuliwa kwa mwenyewe. Sheria hiyo haimlindi tu yule asiyejua herufi. Inamlinda hata anayesoma gazeti hili bila shida, ikiwa karatasi aliyopewa iko katika lugha asiyoielewa. Mahakama zetu zimewahi kukataa hati zilizokosa maelezo hayo. Kwangu mimi kila mapatano ya ploti yanamalizika kwa mstari unaosema: yamesomwa na kufafanuliwa kwa Kiswahili mbele ya pande zote, kisha jina langu na mtaa wangu. Wengine hunung'unika kwamba nawachelewesha. Wangoje.

Upande wa kuuza mambo hayako mbali. Ardhi nyingi huku kwetu ni ya kimila, haina hati, na watu wanadhani muhuri wa LC1 pamoja na sahihi za majirani umemaliza kazi. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 39 kama tulivyokizoea, inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kutoka kwake. Ewe mnunuzi, mke wa muuzaji asipokuwepo siku ya mapatano, usitoe pesa. Kama ardhi ina hati, nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi ufanye upekuzi mwenyewe, si kwa kuonyeshwa fotokopi na dalali. Utaona kama ina rehani au kaveti, yaani zuio lililoandikishwa ili ardhi isiuzwe wala kuhamishwa kimyakimya. Na mke anayehofia kwamba nyumba itauzwa nyuma ya mgongo wake anaweza kuweka kaveti juu ya hati hiyo. Kaveti ya namna hii haimaliziki kama nyingine, ambazo huisha siku 60 baada ya aliyeiweka kupewa notisi kwamba mwenye hati ameomba iondolewe. Inabaki maadamu haki yake ya kukaa pale ipo.

Lakini kuna wanawake ambao haya yote hayawafikii, nao ni wengi mtaani kwangu. Sheria inamlinda mwenzi wa ndoa inayotambulika: ya kanisani, ya msikitini, ya bomani, ya kimila. Mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka kumi, akazaa naye, akachanga matofali ya nyumba kwa faida ya mchele anaouza mpakani, lakini mahari haikutolewa wala ndoa haikufungwa, fomu ya ridhaa haimhusu. Benki haimtafuti. Hilo linaniuma kuliko vikaratasi vya njano. Dada wa namna hii, kama umechangia, jina lako liingie kwenye mapatano ya kununua tangu siku ya kwanza, kama mnunuzi na si kama shahidi, na risiti za saruji na mabati uziweke mwenyewe.

Ombi langu kwa mabenki ni dogo. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Basi wachapishe ile karatasi ya mwenzi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye kiasi cha mkopo kwa tarakimu na kwa maneno, muda wa kulipa, na nini kitatokea wakishindwa. Wampe mama aende nayo nyumbani alale nayo usiku mmoja kabla ya kusaini. Na wewe Ndugu Mhariri, kama kuna wakili anayesoma gazeti lako, mwombe atuandikie maneno ya karatasi hiyo. Kuichapa nitaichapa mimi, na atakayeihitaji Busia nitampa nakala bure.

Mchapaji, Sofia, Busia