Kabla hujaazima mashine ya kupima

Lindi mjini

Ndugu yangu Issa,

Salamu nyingi, na nyumbani wasalimie wote. Umeniandikia kwamba gari linatetemeka likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), taa ya injini imewaka, na unataka kuazima mashine ya kupima, ile inayosoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Subiri kwanza. Kompyuta ya gari ikipata umeme hafifu huandika makosa yasiyokuwepo, nawe utabadilisha sensa (kifaa kinachoipimia kompyuta hali ya injini) ambayo bado ni nzima.

Anza asubuhi kabla hujawasha. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, upime betri: 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ichaji kabla ya yote. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma, magari mengi husoma 13.8 hadi 14.5. Ikiganda kwenye 12, tazama mkanda wa alteneta (inayochaji betri), kisha alteneta yenyewe.

Halafu ethi, yaani waya unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha injini. Hapa nakusihi usipite mbio, maana huko Shangani chumvi ya bahari hula waya kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Ncha moja ya mita iguse nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, siyo kichwa cha waya), nyingine iguse chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Mita ikivuka volti 0.5, ethi imeoza au imelegea. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, fungua ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Waya hasi urudishe mwisho.

Oili itazame gari likiwa tambarare. Ukiiona kama chai ya maziwa, usiwashe tena: maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto.

Kwa kutetemeka kwenyewe, nashuku mipira ya hewa. Fuata ule mkubwa kutoka kwenye ekleina (kichujio cha hewa) hadi kwenye injini, uukunje kwa mkono, kwani ufa hujificha kwenye mikunjo. Hewa ikiingilia hapo haipiti kwenye sensa inayopima hewa, hivyo petroli inayopimwa huwa haitoshi. Kisha vile vipira vyembamba: sikiliza mlio wa "sss". Na kama unalilaza gari karibu na ghala la korosho, kagua nyaya za injekta (zinazonyunyiza petroli), panya hawana huruma.

Vyote vikiwa sawa, ndipo uazime mashine. Namba zitakazotokea ziandike kwenye karatasi kabla hujafuta chochote, kisha unitumie pamoja na vipimo vya betri na ethi.

Wako,
Bakari