Meza ya fundi ina kumbukumbu yake

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwanamama mwenye kibanda chake, na nimechoka kuambiwa "fundi mbona meza yako hivi, si upange". Miaka mingi nilikuwa naona aibu, mteja akiingia nafunika rundo na khanga. Sasa hivi sifuniki tena.

Juzi tumefundishwa kwenye semina yale mambo ya S tano ya kupanga mahali pa kazi, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ni mambo mazuri, yametoka Japani, na hospitali yetu ya rufaa hapa Mbeya ni kati ya za mwanzo nchini kuyaanza, mwaka 2007. Hospitali ni lazima, maana nesi wa usiku akitoka wa asubuhi anatakiwa akute kila kitu palepale, mgonjwa hasubiri utafute. Lakini meza yangu haina zamu jamani, naikalia mimi tu.

Na lile rundo watu wanaliona fujo ila mimi nalisoma. Nilichogusa leo kiko juu, cha wiki iliyopita kiko katikati, cha chini kabisa ni cha mtu hajamalizia hela. Kila nguo ina kikaratasi cha vipimo nimekibana na pini. Mabaki ya kitenge situpi, kwa sababu mama wa watu anajifungua, mwili unaongezeka, anarudi anataka gauni litanuliwe na kitenge kile dukani hakipo tena, utamwambia nini? Ukinizimia taa nikanyoosha mkono nakupa bobini, chaki, futi, bila kupapasa.

Ila sisemi uchafu ni sawa, hapana. Kuna vitu viwili kwangu havichanganyiki na rundo kamwe, wembe na pasi ya mkaa. Soko letu la Mwanjelwa liliungua 2006 na watu walipoteza mitaji yao yote, kwa hiyo pasi yangu ina tofali lake mlangoni, nguo haisogei pale, na vipande vya chini nafagia kila jioni hata niwe nimechoka vipi. Hasa Juni na Julai, baridi hii yetu mnaijua, watoto wanakuja kuota ule mkaa, hapo ndio macho yanakuwa manne. Wenzangu mafundi naomba hilo mlizingatie, mengine ya meza mtu asikuumize kichwa.

Nasema hivi kwa sababu Januari moja, shule zinafunguliwa, nimetoka kwenda kununua zipu, wifi yangu aliyekuja kutoka Tukuyu kanipangia meza kwa moyo mweupe kabisa, nguo kazipanga kwa rangi na vikaratasi kavitupa kaona takataka. Sikumgombeza, alitaka kunisaidia. Lakini wiki ile nzima nilikuwa naita wateja kuwapima upya, wengine wamekasirika, na sare ya mtoto mmoja wa darasa la kwanza haikuonekana kabisa, mpaka mama yake akaenda kununua nyingine dukani na mimi nikamrudishia hela yake. Niliipata baada ya wiki mbili, imekunjwa vizuri sana kwenye mfuko wa bitana, haijavaliwa hata siku moja.

Fundi cherehani, Mwanjelwa, Mbeya