Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Ndugu wanachama, hamjambo.

Tulipowatembelea wenzetu wa Nyando mwezi wa Mei, mama mmoja alifungua mfuko wa nailoni akatuonyesha karatasi za mizani za miwa aliyopeleka kiwandani miaka kadhaa iliyopita. Hajalipwa hadi leo. Katikati ya karatasi hizo alikuwa ameweka nakala ya pasipoti ya bintiye, aliye Riyadh akifanya kazi ya nyumbani. Hakutueleza kwa nini vinakaa pamoja, nasi hatukuuliza.

Kwenye vikao vya Nairobi tunaalikwa kuzungumzia mateso ya wafanyakazi Uarabuni. Nikitaja miwa naambiwa hiyo ni ya wizara nyingine. Mimi sikubali. Binti ambaye shamba la kwao linalipa akienda Saudia, amechagua. Asiyelipwa amesukumwa.

Ndiyo maana ombi letu kwa Bunge lina madai mawili. Kwanza, mkulima alipwe deni lake. Pili, makubaliano ya kazi na nchi za Ghuba yafuate Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani. Chini ya kafala, yaani mfumo wa nchi hizo wa mwajiri kumdhamini mfanyakazi mgeni, kibali cha kuishi humo kimo mikononi mwa mwajiri, na anayekimbia kipigo huhesabiwa mtoro. Saudia ililegeza masharti mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje.

Busia, mpakani na Uganda, mambo ni afadhali kidogo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, malori hayakwami kama zamani. Kina mama wa omena na maharagwe, hata hivyo, wangali wanapita njia za panya. Tuliwapelekea cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotosha kwa mzigo wa Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000. Mmoja akanicheka: “Mwenyekiti, fomu naijua. Shida ni yule anayetaka chai kabla sijaitoa.” Hilo sikuwa nimelitayarishia jibu.

Barua yetu kwa kaunti haijajibiwa. Niliiacha miezi mitatu bila kuifuatilia. Kosa ni langu. Ya fedha ataeleza mweka hazina.

Mwenye mtoto Ghuba amletee katibu nakala ya mkataba wake wa kazi kabla ya Krismasi. Hata ule wa Kiarabu usioweza kuusoma, lete.