Penseli ya Bwana Mauch

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kuacha somo la historia kwa sababu kila mtu anasimulia anavyopenda, na kwa kuwa wanahistoria wenyewe hawakubaliani, basi yote ni uongo mtupu. Sikukasirika. Nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Chukua siku uliyozaliwa. Mimi naikumbuka mvua, tena mvua kubwa. Baba yako anaapa kwamba jua lilikuwa kali. Sote wawili tulikuwepo, na hakuna anayemdanganya mwenzake. Cheti chako kina tarehe na majina yetu, lakini hofu niliyokesha nayo haimo, kwa sababu fomu haikuiuliza.

Mwanahistoria yeye hakuwepo kabisa. Anaokota kilichobaki, na mara nyingi kimebaki kwa bahati tu. Katika jumba la kifalme la Pylos, Ugiriki, makarani waliandika hesabu zao kwenye vibao vya udongo ambavyo havikuchomwa tanuruni. Yapata mwaka 1200 KK jumba likateketea, na moto ule ule ulioliangamiza ukavichoma vibao vikawa vigumu kama matofali. Michael Ventris alipofumbua mwandiko huo mwaka 1952, kilichosomeka ni kondoo, mafuta, shaba, magurudumu ya magari ya farasi. Baadhi ya vibao bado vina alama za viganja vya waliovifinyanga. Waliyoambizana moto ulipozuka hakuna aliyeyaandika. Kondoo tunawajua kwa idadi.

Pengine pengo si la bahati, ni la mkono wa mtu. Serikali ya Uingereza iliyaficha maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park, Uingereza kwenyewe, na ikakiri mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Kenya kuishtaki kwa mateso waliyoyapata wakati wa Mau Mau. Mengine yalikuwa yameshachomwa moto kabla ya uhuru. Aliyeandika historia ya miaka ile mapema, hata kwa moyo safi, aliandika bila kurasa ambazo hakujua kama zipo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni pale ushahidi upo na macho hayataki kuuona. Karl Mauch, Mjerumani, alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871. Alikata kibanzi kutoka kwenye boriti ya mlango, akakilinganisha na penseli yake. Wekundu ule ule, harufu ile ile. Penseli ilikuwa ya mwerezi, basi na boriti ikawa mwerezi wa Lebanoni, na mjenzi akawa Malkia wa Sheba! Alikuwa amezungukwa na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa na kupangwa bila chokaa, katikati ya watu wa nchi hiyo, akaenda kuuliza penseli.

Hapo ndipo ninapolikataa neno lako. Mauch alikosea, ila vigae vya vyungu vya wenyeji wake vilikuwa bado ardhini. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na wote wawili wakasema waliojenga ni Waafrika. Walowezi wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, hawakutaka kusikia. Hadi miaka ya 1970 serikali yao iliwabana wataalamu waliosema hivyo. Vigae havikubadili ushuhuda wao. Kama kila mtu angekuwa anasimulia apendavyo tu, mwanangu, Malkia wa Sheba angekuwa bado ndiye mwenye nyumba ile.

Kwa hiyo usiache somo. Ukija likizo, kaa na baba yako umuulize habari za siku ile kabla hujaniuliza mimi, na uandike asemavyo, pamoja na jua lake. Mimi nitakueleza ya ile hofu. Sijawahi kumwambia mtu.

Akupendaye,
Mama yako