Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine ya kupima mionzi isilale stoo

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtu wa maabara. Nimesikia mpango wa kununua roboti za kupima damu ili kukadiria dozi ya mionzi kwa watu wengi kwa pamoja. Naunga mkono. Ninachoogopa ni kuzinunua kisha zifunikwe turubai zikisubiri ajali.

Kule Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu-137, madini yatoayo mionzi, kilichotelekezwa kwenye kliniki kiliibwa na kufunguliwa. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa. 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, wanne wakafa. Lakini kifaa kinachopitishwa juu ya mwili huona vumbi lenye mionzi. Mionzi iliyokwisha kumpenya mtu ikaenda zake, hakiioni. Kutapika nako si ushahidi. Hata hofu hutapisha.

Damu ndiyo inayotunza kumbukumbu. Kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, kwa kawaida huwa na kiuno kimoja, sehemu iliyobanwa. Zikikatwa na mionzi kisha vipande vikaungana vibaya, hutokea zenye viuno viwili, nasi kwa kuzihesabu hukadiria dozi. Tatizo ni kwamba seli hukuzwa kwanza kwa saa kama 48, ndipo mtu ainame kwenye hadubini ahesabu seli 500 hadi 1,000 za mgonjwa mmoja. Kwenye dharura tunaridhika na 50, zinazotosha kumtambua aliyepigwa sana na mionzi. Macho huuma vilevile.

Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kilibuni mfumo wa tone la damu ya kidoleni, kikilenga sampuli 30,000 kwa siku. Baadaye wakageukia roboti za kawaida, zile ambazo maabara za kutafuta dawa tayari zinazo. Walifanya vyema: roboti inayofanya kazi kila siku ina fundi, ina vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Mimi nimeshuhudia mashine ghali ikitolewa kwenye boksi miaka kadhaa baadaye, vitendanishi vimeoza na aliyefundishwa kuiendesha kastaafu.

Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba roboti itafanya vipimo vya kawaida vya hospitali, na fedha za vitendanishi ziandikwe humo humo. Kila mwaka iletewe damu iliyopigwa mionzi kwa dozi inayojulikana, maabara isiambiwe ni ipi. Zoezi la kwanza nitahesabu mwenyewe kwa macho, tulinganishe majibu.

Wako,
Mtaalamu wa maabara