YAH: Sponji mlizoniuzia hazizuii sauti, naomba hela yangu irudi

Kwa uongozi wa kampuni,

Habari zenu. Mimi ni mteja wenu, risiti na meseji zote nimeambatanisha hapa, na naandika baada ya kupiga simu kastoma kea mara 4 bila kupata jibu la maana.

Tupo kwenye ukarabati wa nyumba na bajeti yetu ni ya kujibana. Kile chumba cha chini ya ardhi tuliamua kiwe cha kijana wangu kufanyia mazoezi ya drams, na juu yake ndipo anapolala mama yangu mzazi, ambaye anaumwa na mchana anahitaji kupumzika. Haya yote niliwaandikia kabla sijalipa hata senti. Niliuliza kabisa, je hizi sponji zitazuia sauti isipande juu? Mkanijibu "ndiyo, zinazuia sauti kwa asilimia 75". Skrini shoti ninayo.

Nikachukua vipande 48 vya unene wa sentimita 5 na gundi yenu, tukabandika ukuta mzima na dari yote, wikiendi nzima imeishia humo. Jumatatu kijana akaanza kupiga, mimi nikapanda kukaa na mama. Jamani, lile dramu kubwa la mguu kila likipigwa maji kwenye glasi ya dawa pale mezani yanatikisika, nayaona kwa macho yangu, na mama ananiambia mwache mtoto apige tu mwanangu, nitazoea. Iliniuma sana. Nilipima kwa programu ya simu, kabla ya sponji huku juu ilisoma desibeli 61, baada ya sponji 60. Najua simu sio kipimo cha kitaalamu ila sikio nalo linakwambia kitu hicho hicho.

Ndipo nikaanza kufuatilia hiyo 75 imetoka wapi, kumbe ni ile NRC 0.75 iliyoandikwa kwenye boksi! NRC inapima sponji inanyonya sauti kiasi gani ndani ya chumba, yaani kupunguza mwangwi, haipimi sauti inayovuka ukuta au dari kwenda upande wa pili. Tena ni wastani wa masafa manne tu, hertzi 250, 500, 1000 na 2000 (hertzi zikiwa chache ndivyo sauti inavyokuwa nzito), wakati mdundo wa dramu la mguu nguvu yake kubwa iko chini ya hertzi 100. Kinachopima ukuta kuzuia sauti ni STC na kwenye bidhaa yenu hakuna STC yoyote. Sasa mtu anayeuza vitu hivi kila siku anashindwaje kujua tofauti hiyo, na kama anaijua mbona alinijibu vile?

Nikiwa mkweli, mwangwi umepungua, mle ndani mtu akiongea sauti inasikika safi. Lakini sio nilichoomba.

Fundi alivyokuja alinionyesha kitu kidogo tu, alizima taa za chumbani akawasha tochi kwa ndani, mwanga ukawa unatoka chini ya mlango na pembeni ya bomba linalopita darini, akasema panapopita hewa na sauti inapita. Kwake kazi ilikuwa kuziba hizo nyufa kwa silikoni, kujaza pamba ya mawe katikati ya maboriti ya dari, kupiga jipsamu bodi mbili zisizogusa maboriti moja kwa moja, na mlango mzito wenye mpira. Sauti inazuiwa na uzito na kuachanisha, sponji nyepesi haina uzito wowote. Hela niliyowapa nyie ingetosha silikoni, pamba na sehemu ya bodi, na sasa hivi sina nyingine.

Kastoma kea wanasema bidhaa imeshatumika hairudishwi. Sasa ningejuaje haifanyi kazi bila kuibandika? Na nikibandua inatoka na rangi ya ukuta.

Naomba mnirudishie hela yote ya sponji na gundi ndani ya siku 14, mje mzichukue wenyewe, na kwenye websaiti mtoe neno "inazuia sauti" muandike inapunguza mwangwi. Mkikataa nijibuni kwa maandishi, nipeleke malalamiko kwa wanaosimamia haki za walaji.

Nasubiri.

Mteja wenu, namba ya oda iko kwenye risiti